Chiriku anajifunza kunyamaza

Saa mbili asubuhi, kabla kliniki haijachangamka, Chiriku anasogeza viti viwili katika chumba kidogo mwisho wa korido. Anavigeuza upande kidogo ili anayekaa asilazimike kutazamana na mwenzake uso kwa uso. Anaweka boksi la tishu mezani, anazima simu, kisha anafanya jambo lililo gumu kwake kuliko yote: anafunga mdomo.

"Wanaonijua wakisikia kazi yangu sasa ni kusikiliza, wanacheka mpaka wanashika mbavu," anasema.

Si ajabu. Jina la Chiriku alipewa harusini, ambako amekuwa mshereheshaji tangu ujana wake. Lakini kila sherehe ikiisha, mafundi wakifungua nyaya za spika, hakukosekana mtu wa kumvuta kando amweleze ya moyoni: bwana harusi aliyejaa hofu, mama asiyesemeshana na bintiye.

"Nilikuwa nawachekesha, wanaondoka. Nikajiuliza, hivi nimewasaidia au nimewafukuza?"

Ndipo akajiunga na shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Ya darasani aliyamudu. Yaliyomtoa jasho ni mafunzo kwa vitendo, yasiyo na mshahara, na usipoyamaliza leseni huioni.

Mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori aliyefiwa na kaka yake; dereva mwenyewe ameridhia kisa hiki kiandikwe. Chiriku alimpa moyo, akamtolea mifano, akamtania. Dereva akaaga kwa adabu. Wiki iliyofuata hakutokea.

Msimamizi wa Chiriku, mama mtu mzima, mwanasaikolojia mwenye sauti ya upole, alimketisha wakasikiliza pamoja mazungumzo yale, yaliyorekodiwa kwa ridhaa ya dereva. "Mwanangu, huyu alikuja na msiba," akamwambia, "wewe ukampigia harusi." Akamwonya kwamba akiendelea hivyo hatampitisha.

Chiriku alirudi nyumbani amenuna, akamwambia mkewe anaacha masomo. Mkewe, fundi cherehani, hakuinua hata macho.

"Wengine wanakulipa uongee, mimi nakusikiliza bure miaka yote. Leo umeambiwa ukweli, unasusa? Haya, kaa hapo. Naongea mimi, wewe nyamaza."

Chiriku alidhani ni mchezo. Mkewe akaanza na vitambaa vinavyochuja rangi, akapitia kwa mawifi, kisha akanyamaza. Chiriku akauma ulimi. Hatimaye mkewe akaitaja mimba iliyoharibika kabla hawajampata binti yao. Kila alipotaka kuizungumzia, alisema, mumewe alimkatiza: usijali, tutapata mwingine.

"Andika tu," mkewe anasema sasa, akitabasamu. "Nilikaa nalo mno."

"Nililia, na yeye ndiye aliyenifuta machozi," Chiriku anasema. "Nashukuru mafunzo haya. Yamenifanya nimsikie mke wangu."

Kesho yake alimwomba msimamizi nafasi nyingine. Mama huyo alimpigia dereva, akamuuliza kama angependa kurudi, kwa Chiriku au kwa mshauri mwingine. Dereva akasema kwa huyo huyo. "Ana roho nzuri, ila hapumui."

Safari hiyo walikaa kimya muda mrefu. Dereva akatazama dirishani, akaikunja kofia yake, akaikunjua. Kisha akasema, "Tuligombana, na hatukupatana mpaka amekufa." Chiriku alisogea tu mbele kwenye kiti.

"Hapo ndipo nilipoutua mzigo," anasema dereva. "Nyumbani wote wanalia, ningemwambia nani?"

Sasa Chiriku anakaribia kumaliza, na msimamizi amekwisha kumruhusu kufanya mtihani wa leseni. "Mama yule angeweza kunitimua," anasema. "Dereva angeweza kubaki kwao. Wamenivumilia, jamani."

Akiipata leseni, anataka siku moja kila wiki akae kwenye maegesho ya malori, kwa kuwa madereva hawana muda wa kwenda kliniki. Dereva ameanza kumtangaza kwa wenzake.

"Jamaa wameniuliza, huyo mtu atatuambia nini?" anasema. "Nikawajibu, hatawaambia kitu. Nyie njooni tu."