Boksi Kavu Chini ya Pikapu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba naipenda harufu ya oili inayoungua. Nikiwa na wenzangu wa chuoni napandisha kioo cha gari na kukunja pua, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Lakini harufu ile ikinipita barabarani, narudi Ujiji: nimelala kifudifudi kwenye vumbi la uani, nachungulia uvungu wa pikapu ya baba.

Baba alikuwa mtu wa boti. Ujana wake wote aliendesha boti kati ya Kibirizi na Mwamgongo, kwa zile injini zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kuacha wingu la buluu juu ya maji. Alipochoshwa na mawimbi akauza boti, akanunua pikapu iliyokwisha kuzeekea mikononi mwa wengine, awe anabeba ndizi kutoka Kalinzi. Mjomba Rama, mdogo wake mama, akatoka Mwamgongo kuja kumsaidia. Alilala chumba cha uani, karibu na gari. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, na kila mara alinibakizia kichwa cha samaki wa mgebuka, akijua nakipenda.

Pikapu ile ilikunywa oili kuliko sisi tulivyokunywa chai. Baba alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: oili haigusi hata ncha. Ndipo nilipopewa kazi. Jioni nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, asubuhi nikalivuta kutafuta matone. Nilikagua kwa uzito wa hakimu. Boksi lilikuwa kavu, nami nikalitangaza hilo kwa sauti, nikingoja sifa.

"Kavu," baba alirudia. Kisha akamtazama mjomba. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: oili haivuji, basi inachotwa, na wenye boti kule ufukweni hawakosi kuihitaji. Moshi haukumshughulisha. Mlima wa Kalinzi tuliupanda tukiburuta wingu la buluu, wapita njia wakiziba pua, naye akisema kwa fahari kwamba injini inapumua. Kwa mtu wa boti, injini isiyotoa moshi ndiyo mgonjwa.

Mjomba hakubishana. "Shemeji," alisema, "kwani mimi naungia mboga oili?"

Mama alicheka. Baba hakucheka. Kesho yake mjomba akapanda boti ya Mwamgongo na kifurushi chake, na mimi nikabaki kupiga mluzi usiojibiwa. Pikapu iliendelea kunywa vilevile. Baba akasema mwizi ameacha wanafunzi. Mama alipofariki, mjomba alikuja kuzika, akasimama mbali, akaondoka kabla ya chakula. Tangu hapo sikumsikia baba akilitamka jina lake.

Sasa nina gari langu, nalo la umri wa kustaafu, na majuzi likaanza kumaliza oili. Nikatandika boksi. Kavu. Mimi, na shahada zangu, nikaanza kumtazama mlinzi wa getini kwa jicho la baba. Kilichomwokoa ni mteremko mmoja mrefu. Nilishuka bila kukanyaga mafuta, nikakanyaga tena bondeni, na kioo cha nyuma kikajaa buluu. Fundi akasema mipira ya valvu imechakaa. Oili inapenya ndani na kuungua pamoja na petroli. Haidondoki popote. Inatokea kwenye bomba la moshi, mchana kweupe.

Nilikaa muda ndani ya gari lile, madirisha wazi. Boksi langu halikudanganya. Lilijibu swali moja tu, nasi tukalifanya lijibu yote, ilhali jibu lilikuwa likitufuata nyuma njia nzima ya Kalinzi, na kila aliyeziba pua alilinusa.

Nikampigia baba. Siku hizi anakaa Bangwe, karibu na maji. Nilimweleza polepole, kama mtu anayebeba chombo kilichojaa. Upande wake nikasikia boti ikipita, ikififia.

"Kwa hiyo ilikuwa inaungua," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na boksi lilikuwa kavu."

"Kavu."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Rama," alisema, "bado anatumia namba ileile?"

"Ipi, baba?"

Akaitaja yote, kwa kichwa, bila kukwama.