Sema kwa sauti, papa

Juzi nilikuwa kwenye sekretariati moja ya mtaa wa Mulongwe, kibanda cha kuchapia barua, nangoja fotokopi. Mbele yangu dada mmoja alikuwa akirekebisha plagini yake, kile kiprogramu cha kubandika kwenye blogu. Hii yake huchukua namba za simu za wasomaji, mto ukijaa waonywe.

Bwana mwenye tai akamwinamia. "Weka kamstari kamoja tu, namba zote zinifikie na miye. Niko na biashara ya kutangaza. Hakuna muntu atajua."

Dada akaacha kuandika. Akageuza kompyuta itutazame sote wa foleni.

"Papa, rudilia hayo maneno kwa sauti. Namba ni za hawa. Walizitoa sababu ya maji, haiko sababu yako."

Bwana akashikashika tai. Mama mwenye beseni la ndagala, vile visamaki vidogo, akalitua chini, akakunja mikono. "Sema, papa. Tuko tunasikia."

Bwana akatoka bila fotokopi zake.

Enyi mnaotengeneza programu, kipimo ni hicho. Kila mstari usomeni mbele ya foleni ya Mulongwe. Unaowakwama kooni, ufuteni. Mkikataa, sawa: yule mama bado amekunja mikono.