Umri wa Kupanda Farasi wa Mbao

Juzi mwanangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akanieleza kwamba yeye na mume wake hawaelewani. Imefunguliwa bustani huko kwao, ina mabembea ya umeme, treni ya watoto na farasi wa kuzunguka, na mjukuu wangu ametimiza miaka mitatu. Baba mtu anasema mtoto wa umri huo atalia tu, na kesho yake atakuwa amesahau, bora wangoje afike sita. Mama mtu anasema aende sasa hivi, akifika sita atakuwa anadai kila anachokiona. "Sasa mama, wewe umelea. Umri gani unafaa?"

Nikamwambia nitafikiri. Kwa kweli, rafiki yangu, sikuwa nafikiri lolote. Nilikuwa nimeshikwa na wivu. Mtu mzima mimi, mwenye mvi na mkeka wangu kanisani, nilimwonea wivu mtoto ambaye bado analala na nepi, kwa sababu watu wazima wawili wanakosa usingizi wakibishana ni lini wamfurahishe. Sijui kama umewahi kuona wivu wa namna hiyo. Mimi nilikaa nao pale jikoni mpaka maharage yakaungua.

Wivu huo ulinirudisha kijijini kwetu Igurwa, miaka michache baada ya vita, wakati wa kyanda, ndivyo tunavyokiita kiangazi kwetu. Kahawa ilikuwa imeiva na uwanja mzima wa nyumba yetu ulikuwa mwekundu kwa buni zilizoanikwa. Kazi ya watoto ilikuwa kuigeuza kahawa kwa nyayo, unaburuta miguu polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine ili jua liipate yote, kisha unarudi. Harufu yake ilikuwa tamu iliyochachuka kidogo, iliingia kwenye nywele na kwenye blanketi. Kuku walikuwa wanatuvizia, nasi tulikuwa na vijiti vya kuwafukuza. Sukari na sabuni zilikuwa adimu, lakini matoke yalikuwapo, maharage yalikuwapo, na bibi alikuwa na akamwani zake, kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, alizotutafunisha akiwa na furaha.

Msimu huo baba alirudi kutoka chama cha ushirika na habari. Lori la chama lingekwenda Bukoba kwenye maonyesho ya Sabasaba, likiwa na kahawa bora na ndizi bora za kijiji, na mkungu wa kupeleka ungetoka kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba. Ulikuwa mkungu mrefu kuliko mimi. Tena dereva amemruhusu achukue mtoto mmoja. Na huko uwanjani, baba alisema huku akinawa mikono bila haraka, kuna mtu ameleta farasi wa mbao wanaozunguka. Watoto wanakaa juu yao, vijana wanasukuma, na muziki unapigwa.

Tulikuwa watoto wawili tuliofaa, mimi na mdogo wangu, yule niliyemwachia ziwa. Wengine walikuwa bado mgongoni. Moyoni mwangu hapakuwa na swali. Nilikuwa mkubwa, basi farasi alikuwa wangu. Nilianza hata kumchagulia rangi.

Kumbe watu wazima walikuwa na maswali yao. Jioni ile, tukiwa tumezunguka sinia la matoke, waliujadili umri kama wazee wa kanisa wanavyojadili ubatizo. Mama alisema mtoto wa kupelekwa safari ni yule anayeweza kusema mapema kwamba amebanwa na haja, kwa kuwa lori halisimami ovyo. Sote wawili tulifaulu hapo. Bibi alisema ni yule ambaye ameshang'oka meno ya utotoni, maana asiye na meno mapya bado roho yake ni nyepesi, ikishtuka haikai. Nikafungua kinywa haraka na kuonyesha mapengo yangu. Mdogo wangu naye akafungua, na mbele palikuwa na pengo moja, la jino lililotoka wiki ile ile. Nilimwangalia nikajua kwamba ana kipaji cha kunikera.

Ndipo baba akasema, "Basi tuwapime kama shuleni."

Huenda wewe ni kijana na hukijui kipimo hicho. Siku hizo watoto wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mwalimu alipoandikisha darasa la kwanza, alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ushuke upande wa pili, ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umri umefika. Usipolishika, nenda kacheze, uje mwakani. Mwaka ule mwalimu alikuwa amenirudisha nyumbani ingawa mama, anayehesabu umri kwa misimu ya senene, aliapa kwamba nimeshatimiza minane. Mikono yangu ilikuwa mifupi na kichwa changu, sina budi kusema, kilikuwa kikubwa.

Nilisimama mbele ya sinia, nikapitisha mkono. Vidole viliishia juu ya sikio, penye nywele. Nikainamisha kichwa. "Simama wima," baba akasema. Nikavuta mpaka kwapa likauma. Mdogo wangu, mwembamba, mwenye mikono mirefu kama ya shangazi yetu, alipitisha wake akalishika sikio lote, akalivuta kabisa, akacheka.

"Mimi ndiye niliyezaa," mama alisema. "Najua nani alitangulia."

"Kutangulia si kufika," baba akajibu. "Mgomba huulizi ulipandwa lini. Unatazama mkungu."

Bibi akaguna, "Ai, mwanangu, mtoto si ndizi." Lakini chakula kilikuwa kinapoa, na katika nyumba ile neno la baba likishatoka halikuwa na mlango wa kurudia ndani. Methali ile ya kutangulia na kufika naichukia mpaka leo. Mhubiri akiitaja, naangalia dirishani.

Asubuhi ya safari walimwogesha mdogo wangu kwa kipande cha mwisho cha sabuni. Wakampaka samli miguuni mpaka akang'aa. Kisha mama akafungua sanduku, akatoa gauni langu la Krismasi, la bluu lenye kola nyeupe, kwa kuwa mdogo wangu hakuwa na nguo ya kwendea mjini. Gauni langu lilikuwa linakwenda Bukoba, na mimi ndani yake simo. Lori lilipofika barabarani, vijana walibeba mkungu wetu na kuulaza juu ya majani makavu ili usigongwe. Niliuonea wivu hata huo mkungu. Ulikuwa umepata nafasi ya kulala, na hakuna aliyeuliza sikio lake liko wapi.

Siku mbili walizokuwa safarini niliigeuza kahawa kama niliyetumwa kuikomesha. Bibi alinichomea ndizi mbivu kwenye majivu akaniambia subira yavuta heri. Niliila ndizi, subira nikamwachia mwenyewe. Kila nilipofika upande wa mashariki wa uwanja nilisimama kidogo. Nilidhani nikinyamaza vizuri nitausikia muziki ukivuka daraja la Kyaka na kupanda vilima hadi kwetu. Nilisikia jirani anapasua kuni.

Walirudi mdogo wangu akiwa amelala begani kwa baba, gauni limejaa vumbi, na mkononi ameshika biskuti nusu. "Amekuwekea wewe," baba alisema. "Nimemwambia ale, amekataa." Nilisema siitaki. Baadaye, nyuma ya jiko, niliila, na ilikuwa tamu kiasi kwamba nilizidi kukasirika.

Miezi iliyofuata mdogo wangu alikuwa mtu mashuhuri. Kisimani watoto walimpa zamu ya kwanza ya kuchota ili awasimulie. Alianza kwa lori, akaja kwenye daraja, na ziwa lililokosa upande wa pili. Kisha farasi. Mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mmoja aliyevunjika sikio, na yeye alimpanda huyo mwenye sikio bovu kwa sababu watoto wengine walimkimbia. Kijana aliyesukuma alikuwa amevaa kofia ya sufu juani. Farasi walikuwa wakilia kama mlango usiopakwa mafuta, na muziki ulikuwa ukisita kila santuri ilipofika mahali fulani. Alipoisahau kofia, mimi niliitaja. Alipomgeuza farasi mwekundu kuwa mweusi, mimi nilimsahihisha mbele za watu. Nilichukia hadithi ile na sikuweza kukosa hata mara moja inaposimuliwa.

Baba alikuwa ameniahidi: mwakani ni wewe. Mwakani lori lilikosa dizeli. Mwaka uliofuata lori lilikwenda, lakini farasi hawakuletwa. Na mwaka farasi waliporudi, mikono yangu ilikuwa imerefuka, ningeweza kushika masikio yote mawili kwa mkono mmoja. Nilimfuata baba kwenye kibanja nikamkumbusha. Alinitazama toka juu hadi chini kama mtu anayeona mgeni, akacheka kwa upole. "Msichana mkubwa hivi, ukae juu ya farasi wa mbao? Watu watatuonaje?" Akampeleka mdogo wetu wa kiume. Sikuwa nimefika, halafu nikawa nimepita. Siku ya kufika hasa, kama ilikuwapo, nadhani niliimaliza nikigeuza kahawa.

Nikirudi kwa mjukuu wangu, wazazi wake hawakungoja busara zangu. Nilipokuwa bado najipanga, walimpeleka, wakanitumia video. Mtoto yuko juu ya farasi wa plastiki mwenye taa, amekunja uso, wala hacheki wala halii, anatazama kiatu chake. Niliiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Kesho yake nikapanda gari kwenda Kamuli, alikoolewa mdogo wangu, kwa sababu katika watu wote ninaowajua ni yeye tu ambaye angeielewa.

Nilimkuta anamenya ndizi kivulini. "Karibu dada, shikamoo." Nikaitikia, nikakaa kwenye kigoda, nikashika kisu nami nikaanza kumenya, tukazungumza habari za mnyauko wa migomba na za watoto. Kisha nikampa simu. Akaitazama video akacheka.

"Huyu amefanana na baba yake."

"Tazama farasi," nikamwambia. "Kama yule wako wa Bukoba."

"Farasi gani, dada?"

Nilidhani ananitania. "Wa Sabasaba. Uliyempanda. Mwenye sikio bovu."

Aliweka ndizi chini, akakunja kipaji cha uso kwa uaminifu kabisa. Anakumbuka gari kubwa, alisema. Anakumbuka kutapika. Anakumbuka gauni lililombana kwapani. Farasi, hapana. Je, alikuwa yeye kweli, au yule kaka yetu mdogo?

Hasira niliyoisikia hapo ingeweza kuchemsha sufuria la ndizi zile. Miaka yote ile! Nilikuwa nimeuweka wivu ule safi kama nguo ya sikukuu, na niliyemwonea hakuwa hata na habari. Nikaanza kumsimulia ili kumwaibisha. Nikamwambia lori, majani makavu chini ya mkungu, daraja. Nikamwambia kofia ya sufu. Nikamwambia jinsi farasi walivyolia na santuri ilivyosita, na mahali ilipokuwa ikisita nikaimba na kusita. Yeye aliacha kumenya. Alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, na kila niliponyamaza alisema, "Halafu?"

Baba ametangulia mbele ya haki, bibi alimtangulia. Chama kile kilikufa zamani, lori lake liliozea nyuma ya ghala na nyasi zikalimeza. Sina mtu mwingine wa kumuuliza kama farasi yule kweli alikuwa amevunjika sikio. Siku ile nzima ilikuwa imebaki kwangu, ambaye sikwenda.

Nilipofika kwenye biskuti, mdogo wangu alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kanga. "Kumbe tulifurahi hivyo, dada," alisema, akaokota kisu chake na kuendelea kumenya. Nilimtazama nikitafuta wa kumwonea wivu, nikakosa.