Jogoo wa Sikukuu ya Mavuno

Mama yangu alipokuja Temeke kuonana na wakwe zangu watarajiwa, alishuka kwenye basi la bara akiwa amempakata jogoo. Sisi wa mjini tulizoea kumning'iniza kuku miguu juu, kichwa chini. Yeye alimpakata kama mtoto aliyetoka kuchanjwa, na njia nzima alikuwa akimnywesha maji kiganjani. Yeye na majirani zake walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mbuzi wake walipotea, akabaki na kuku tu, na huyu jogoo alikuwa wa uzao ule. Alitaka awape wakwe kwa mkono wake mwenyewe.

Mie nilikuwa mpiga chapa wa ofisini, navaa viatu vya kisigino, nimeshasahau kunuka moshi wa kuni. Mama wa mchumba wangu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu asiyecheka ovyo, na alikuwa bado hajanikubali sawasawa. Basi nikamwambia mama kwamba mjini zawadi ya namna ile hupelekwa kanisani, na kwa bahati Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya mavuno. Ukweli ni kwamba sikutaka aingie kwenye sebule ya watu na jogoo kwapani. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi utumwa huo niliufuata kwa miguu yangu. Nikamfunga jogoo miguu kwa kamba ya katani, nikamkabidhi mzee wa kanisa.

Mama alikaa nyuma na wageni. Mimi nilikaa mbele, ubavuni kwa mama mkwe, kwa kuwa tulipanga yeye na mama wakutane baada ya ibada. Chini ya madhabahu palikuwa na mihogo, nazi, vikapu vya mchele, na kuku wamelazwa sakafuni miguu imefungwa, wakingojea mnada. Siku hiyo walibatizwa watoto wengi, ibada ikarefuka, bati likawaka jua. Mchungaji alihubiri juu ya uumbaji. Alisema Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala viumbe wote, kwa hiyo tuwale kwa shukrani. Kuku walikuwa wameachama midomo. Niliwaona, nikageuza macho.

Ndipo mama akasimama. Alipita katikati ya kanisa pekupeku, maana viatu alikuwa ameviacha mlangoni. Akapiga magoti mbele, akachota kwa kiganja maji yaliyobaki kwenye beseni la ubatizo, akaanza kuwanywesha wale kuku mmoja mmoja. Mahubiri yakakatika. Mchungaji akamuuliza kwa upole anafanya nini.

"Baba mchungaji," alijibu bila kuinuka, "sadaka zina kiu."

Watu wakaanza kunong'onezana. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, na leo naona aibu zaidi kwa kuwa najua aibu ile ilikuwa ya nini. Mwanamke yule alikuwa amelielewa neno kutawala kuliko sisi wote mle ndani. Kwao mtu hanywi kabla mifugo yake haijanywa. Mimi nilichokiona ni kiraka cha gauni lake mgongoni, na nyayo zilizopasuka.

Mama mkwe aliniinamia. "Yule mama amekuja na nani?"

"Simjui, mama," nikasema.

Jogoo alikuwa ameshakunywa. Akiwa bado amefungwa miguu, akajiinua kidogo kwenye mikono ya mama, akawika. Kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji, hata mama mkwe asiyecheka. Mimi peke yangu sikucheka, maana hakuna Mkristo asiyejua jogoo huwika baada ya maneno gani.

Mama naye alikuwa anacheka. Akageuka, uso umemchangamka, akanitafuta kwenye viti vya mbele ili tucheke pamoja. Aliponiona nimeinamia kitabu cha nyimbo, akaacha kucheka, akachota maji tena, akaendelea na kuku waliobaki.