Hema la Nne

Ayzirek hakuwa mtu wa kutungiwa nyimbo. Alikamua farasi, akapiga sufu, akawaozesha mabinti wake wawili katika makambi ya mbali, na chai yake ya chumvi watu waliinywa kwa adabu tu. Lakini nenda leo kwenye kambi yoyote ya Waserkei, sisi wafugaji wa kuhamahama, utaje hema la nne, uone watu watakavyokaa sawasawa. Mimi pia hukaa sawasawa.

Kwetu, tunapohama, kila nyumba ina nafasi yake katika msafara. Nyumba ya Temsin, mumewe Ayzirek, ilikuwa ya nne tangu enzi za mababu. Temsin alifariki kiangazi kile, akamwacha mjane peke yake. Nyuma yao, nafasi ya tano, alikuwa Dorbak, mdogo wa Temsin, mwanamume mwenye sharubu nzuri na tamaa kubwa kuzishinda sharubu. Na sheria ya siku ya kuhama haina huruma: mkono wa nyumba nyingine ukishika kamba yako, ya hema au ya mzigo, nyumba yako imeingia chini ya nyumba ile. Nafasi imekwenda, na farasi wako watapigwa chapa ya mwenye mkono.

Asubuhi ya kuhama, Dorbak alikuja akitabasamu.

"Shemeji, hema hilo ni kazi ya watu wanne. Niache nishike kamba moja tu, upumzike."

"Kilichonichosha ni kukuona wewe, siyo kazi."

"Na lile duara la paa? Utalishusha kwa ulimi?"

"Ningeazima wako, maana ni mrefu."

Majirani walicheka, naye Ayzirek akarudi kulitazama hema lake. Kuta aliweza kuzivua, na blanketi za sufu aliweza kuzikunja. Duara la paa ndilo lililomnyima usingizi: ni mti mzito, na lazima mtu alibebe juu huku mwingine akichomoa fito zinazolishikilia. Likianguka, limevunjika, na hema lisilo na duara si hema tena.

Watu walikuwa wakifunga mizigo ya mwisho alipofanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alimwingiza farasi wake ndani ya hema. Alikuwa jike mzee wa kijivu, zawadi ya Temsin siku ya harusi yao. Akapanda, akasimama wima mgongoni mwake, akalitia duara begani, kisha akaanza kuchomoa fito, moja baada ya nyingine. Yule jike hakutikisa hata sikio. Fito ya mwisho ilipotoka, Ayzirek alipiga magoti polepole mgongoni mwa farasi, uzito wote ukiwa begani mwake, akaliteremsha duara mpaka majanini bila kulipasua.

"Amesaidiwa!" Dorbak alifoka. "Amesaidiwa na farasi!"

Bibi Sorkane, kiongozi wa msafara, alikuwa tayari juu ya tandiko. "Farasi ni wa nyumba ya nani?"

"Yake, lakini..."

"Na farasi ana mkono? Mimi naona kwato. Panda, Dorbak mwanangu, unatuchelewesha."

Basi Ayzirek akaondoka wa nne, mgongo umenyooka, jasho likimtiririka, na ngamia wake wawili nyuma yake.

Adhuhuri walifika mto Irtuk, nao ulikuwa umejaa. Ayzirek alivuka salama. Dorbak, aliyekuwa amekwisha kumtanguliza mkewe na wanawe mbele na kondoo, aliingia majini na ngamia wake, akiwa bado ananung'unika. Katikati ya mto ngamia aliteleza, na mzigo ukapinduka chini ya tumbo lake. Dorbak alikumbatia kichwa cha mnyama kisizame, mikono yote miwili imebanwa, na fundo la kamba lilikuwa upande wa pili asikoweza kulifikia. Watu walisimama ukingoni wakimtazama kwa uchungu. Nani angetaka kuimeza nyumba ya mwenzake namna hiyo?

Ayzirek alishuka kwenye farasi, akaingia majini mpaka kiunoni.

"Usiguse!" Dorbak alipiga kelele. Kisha maji yakamfika kidevuni, na sauti ikabadilika. "Shemeji... watoto wangu, shemeji. Waachie chapa yao."

Kwa kuishika kamba mara moja tu, Ayzirek angekuwa na ngamia wa Dorbak, farasi wake, na sharubu zake nyuma ya vumbi lake maisha yote. Na nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu.

Ayzirek alitazama lile fundo. Akachukua mikono yake miwili, akaichomeka nyuma ndani ya mshipi wake, watu wote waione. Kisha akainama, akaling'ata fundo kwa meno, akalivuta, akameza maji, akaling'ata tena. Fundo likalegea. Mzigo ukaachia, ngamia akasimama akikohoa, na Dorbak akabaki ameishika shingo ya mnyama akilia waziwazi.

Ayzirek alitema nyuzi za sufu na damu kidogo, maana jino moja la mbele lilibaki kwenye kamba ile.

"Nyumba yako baki nayo, shemeji," alisema. "Mimi nina yangu."

Akapanda farasi wake, akarudi kwenye nafasi yake, ya nne.