Msoma Mita wa Komarock

Baba alisoma mita za maji za jiji mpaka alipostaafu, na kazi hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mambo mengine yalipoanza kumtoka. Nilirudi kuishi naye Komarock baada ya kumkuta akichemsha chai bila maji, sufuria imeungua, nyeusi tii.

Nilibandika karatasi kila mahali: choo, sukari, zima gesi. Alizisoma kwa sauti, kisha akaenda zake. Kila asubuhi alivaa suti yake ya kaunda, akachukua kalamu, akatoka kwenda kusoma mita. Sikutulia tena. Nikiosha vyombo, sikio liko getini. Nikioga, mlango wa bafu naacha wazi.

Siku moja nikasikia kelele mtaa wa nyuma, nikakimbia. Mpangaji mgeni alikuwa amemshika Baba mkono kando ya ukuta.

"Huyu mzee anachungulia nini kwangu?"

"Ni babangu. Anasahau."

"Basi mfungieni."

Nikamfungia kweli. Nikatia geti kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Baba alizunguka uani tangu asubuhi hadi saa tisa, akigonga bati la geti kwa kiganja, taratibu, bila hasira. Mwishowe akanijia.

"Dada, nani atanifungulia? Wataandika sikufika kazini."

Aliniita dada. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilinunua daftari. Nikamtengenezea kadi yenye jina lake na nambari yangu ya simu, nikamvika kama kitambulisho cha kazi. Aliipenda sana. Tukatoka pamoja, mimi nikitangulia kubisha na kueleza. Wengine walikataa. Yule mpangaji alinisikiliza kupitia tundu la geti, kisha akafungua na kusogeza ndoo iliyoziba mita.

Baba alipiga magoti, akafuta kioo kwa kidole gumba, akanisomea tarakimu moja moja. Hakukosea hata moja. Mimi naandika.

Sasa tunapita nyumba sita kila asubuhi. Akirudi huwa amechoka, anakula, analala kidogo.

Juzi, nyumba ya tatu, alikwama. Aliitazama mita kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya tarakimu moja.

"Hii nayo inaitwaje?"

"Nne, Baba."

"Asante, dada."

Akainuka, akajipangusa magoti, akatangulia haraka kuelekea barabarani. Nikamfuata mbio, maana hakujua anaelekea wapi.