Mkalimani wa Wito wa Sadaka

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisimame kushoto kwa mhubiri, nyuma yake kidogo, na nisimtazame usoni.

"Ukinitazama mimi, watu watakutazama wewe," alisema Katibu wa Uwakili. "Watazame wao. Usiongeze neno, usipunguze neno."

Ofisi ya kanisa letu ilikuwa mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa, na harufu ya marekani mpya ilitupandia mpaka mezani. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mchanga. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka shule, sijaolewa, na Kiswahili changu kilikuwa cha vitabuni. Mama yangu na wadogo zangu walinitegemea, kwa hiyo nilipopewa kazi sikuuliza maswali mengi.

Ninyi vijana mnaoshika kipaza sauti siku hizi huenda hamjui kazi hiyo ilikuwaje. Uwakili ni neno la kanisa. Maana yake ni kwamba mtu hana kitu kilicho chake. Shamba, mifugo, hata nguvu za mikono yake ni amana aliyokabidhiwa na Mungu. Katibu wa Uwakili ndiye aliyezunguka makanisani kuwafundisha watu kutoa. Mkubwa wangu alikuwa mchungaji kutoka Taita, na Ekegusii, lugha yetu, hakukijua hata salamu. Nao watu wa vijijini kwetu, hasa akina mama, walijua Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Ndiyo maana nikaajiriwa.

Hubiri la uwakili lilikuwa na sehemu yake ya mwisho iliyoitwa wito. Hapo mhubiri huacha kufundisha na kuanza kuuliza: nani atasimama? Anayesimama hutamka ahadi, yaani kile atakachotoa, mbele ya kanisa zima, na wazee wa kanisa huenda kukichukua baadaye. Mkalimani mzuri wa wito hupumua pamoja na mhubiri. Akishusha sauti, unashusha. Akinyamaza, unanyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Nilikuwa na kipaji hicho, na kilianza kunitia hofu mapema.

Ilikuwa Tabaka, kwa wachongaji wa mawe. Mtu mmoja alisimama, mikono bado myeupe kwa vumbi la jiwe, akatoa kinyago alichokuwa amekichonga kwa agizo la mfanyabiashara. Ndugu yake alimvuta shati aketi, akakataa kuketi. Nikagundua kwamba nyuso za watu hazikuwa zikibadilika Katibu alipozungumza. Zilibadilika nilipozungumza mimi. Maneno yalikuwa yake, lakini yaliwaingia kwa sauti yangu.

Mkubwa wa mkubwa wangu alikuwa Mwenyekiti wa Kanda, mzee mrefu aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Yeye ndiye aliyetangaza kampeni kubwa. Kanisa la Manga, kule juu mgongoni mwa kilima, lilikuwa dogo mno. Watu walisali wamesimama nje, mvua ikiwanyeshea. Lipanuliwe. Tena wainjilisti wapelekwe kaskazini, kwenye nchi kame ambako hatukuwa na hata kibanda cha kusalia.

"Nataka mifano," Mwenyekiti alituambia. "Watu hutoa wakiona mwenzao ametoa kitu cha kuuma."

Mfano huo tuliupata Nyansiongo. Watu wetu walikuwa wamehamia huko baada ya mashamba ya wazungu kugawanywa, na ibada ilifanyika katika ghala la zamani la mahindi. Siku hiyo Katibu alihubiri habari za nadhiri. Alisema kwamba mtu akimwahidi Mungu kitu, asicheze. Asiyetimiza nadhiri, Mungu hukitafuta kitu hicho ndani ya nyumba yake. Nilishusha sauti alipoishusha.

Kabla hata wito haujaisha, mtu mmoja jina lake Ombati alisimama. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Natoa ng'ombe wangu," alisema. "Yule wa gredi."

Watu waliguna. Ng'ombe wa gredi ni wa mbegu ya kizungu, wa maziwa mengi, na kila mtu alijua hakuwa na mwingine. Kando yake aliketi mkewe, Kwamboka, tumbo limekaribia siku zake. Hakuinua macho. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa benchi kama mtu anayeogopa kuanguka.

Baada ya ibada alinifuata nyuma ya ghala.

"Ni wewe uliyesema," aliniambia kwa Ekegusii.

"Nilikuwa nikitafsiri tu, mama."

"Huyo Mtaita mimi sikumsikia. Nilikusikia wewe." Alishika kiuno, akavuta pumzi. "Nimezika wawili. Wa mwisho alikufa kwa sababu matiti yangu yalikauka. Nilimpa uji mwembamba, akautema. Ng'ombe huyu tumemtafuta kwa ajili ya huyu aliye tumboni. Mwambie mkubwa wako."

Ombati alitokea nyuma yake. Nilidhani atamgombeza mkewe, lakini alinigeukia mimi.

"Dada, usimwambie kitu," alisema. "Nimekwisha kusema mbele ya Nyasae, mbele ya Mungu. Nikirudisha neno langu, mtoto atachukuliwa kama wale wengine."

Nikasimama kati yao. Mke aliogopa kwamba ng'ombe akienda, mtoto atakufa. Mume aliogopa kwamba ng'ombe akibaki, mtoto atakufa. Na hofu ya mume niliijua ilikotoka.

Tukiwa njiani kurudi Kisii nilijaribu kumweleza Katibu. Nilianza kwa mbali, nikasema mama yule hana raha.

"Wake wengi hawana raha siku ya wito," alijibu. "Ahadi ni ahadi, Yunes. Mwenyekiti atafurahi sana. Ng'ombe huyo atapelekwa Manga, asimamishwe mbele ya watu wote."

Nikaliacha hapo. Nilifikiria wadogo zangu, nikafikiria wasichana wangapi mjini wangeipenda kazi yangu. Siku zilizofuata sikula vizuri. Nikikutana na mama mjamzito barabarani niligeuza uso. Nilitamani mvua ibomoe daraja, au gari letu liharibike, au Katibu augue kidogo, chochote kile ilimradi tusiende kumchukua yule ng'ombe.

Lakini siku ilifika, tukaenda. Kwamboka alikuwa amesimama uani, kamba ya ng'ombe ameizungusha mkononi. Ng'ombe naye alikuwa na mimba, tumbo limeshuka, anatafuna taratibu. Ombati alikuwa amevaa lile shati la ibada.

Katibu alisalimia, akaomba, kisha akanigeukia kwa upole. "Mwambie mama kwamba Mungu atampa kilicho bora kuliko huyu ng'ombe."

Nikafungua mdomo. Nikaitazama ile kamba mkononi mwa Kwamboka.

"Yunes. Mwambie."

"Hayo siwezi kumwambia, Mchungaji."

"Ekegusii hakina maneno hayo?"

"Maneno yapo. Lakini hatasikia kwamba umesema wewe. Atasikia nimesema mimi. Na asipopewa, wewe utakuwa Kisii, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemdanganya."

Sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo, na kwa hesabu yangu kazi ilikuwa imekwisha papo hapo. Katibu alivua kofia. Kisha akasema, "Basi niambie yeye anasema nini."

Nikamwambia yote, habari za wale watoto wawili, za matiti yaliyokauka na ule uji. Kabla sijamaliza, Ombati aliingilia kwa Kiswahili chake cha mashamba ya chai ya Kericho.

"Mchungaji, mimi naomba, wewe chukua tu. Usirudishe. Chukua leo."

Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mkewe na mbele yangu.

Nadhani Katibu alikuwa amejiandaa kukutana na mke mchoyo. Hakuwa amejiandaa kukutana na mume anayeogopa hivyo. Aliketi juu ya gogo, kofia mkononi.

"Baba," alimuuliza, "nani amekuambia Mungu atamchukua mtoto?"

"Ni wewe."

Katibu akanigeukia. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema, Mchungaji. Nami nikasema."

Ng'ombe alipiga mkia kufukuza nzi. Mwishowe Katibu aliinuka, akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Amepokelewa," alisema. "Nadhiri yako, Ombati, umeitimiza leo. Tangu sasa huyu ni wa kanisa. Lakini kanisa halina malisho wala mtu wa kukamua. Mama, kanisa linakuomba umtunze hapa hapa. Maziwa ni ya mtunzaji. Ndama atakayezaliwa ndiye atakayekwenda kazi ya kaskazini."

Nilitafsiri haraka, kana kwamba angeweza kubadili nia. Kwamboka hakuachia kamba.

"Ndama akiwa jike je?" aliuliza.

"Jike au dume," Katibu alijibu.

"Na huyu mwenyewe, mtakuja kumchukua lini?"

Katibu alifikiri. "Mwambie, siku mtoto atakapokula ugali na kuomba mwingine, nitakuja tuzungumze."

Kwamboka alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie bado sijamshukuru," alisema. Nikatafsiri na hilo.

Mkutano wa Manga ulifika, na hatukuwa na ng'ombe wa kuonyesha. Mwenyekiti alikaa mbele, na koti lake. Katibu alihubiri vizuri, lakini alipofika kwenye wito alisema jambo ambalo sikuwahi kulitafsiri: "Kabla hujasimama, mgeukie uliyekuja naye. Muulize kama mmekubaliana. Kama bado, rudini nyumbani mkazungumze. Mungu hatahama."

Watu waligeukiana. Kukawa na minong'ono kilima kizima. Walisimama wachache sana, na wengi walitoa ndizi, pareto, na siku za kubeba mawe ya ujenzi.

Mwenyekiti alituita pembeni. "Umeuharibu wito," alimwambia Katibu. Kisha akaninyooshea kidole. "Ni huyu msichana aliyekufundisha?"

"Msichana hutafsiri tu," Katibu alijibu. "Maneno ni yangu."

Haukupita muda akahamishiwa kanisa dogo mbali na kwetu. Mimi nikabaki, nikisubiri kufukuzwa. Kila karani alipopanda ngazi na bahasha, nilidhani ni yangu. Na hofu ya Nyansiongo ilikuwa haijaniacha, maana habari za uzazi hazikuwa zimefika.

Zilinifikia sokoni. Mzee mmoja wa kanisa la Nyansiongo aliniambia kwamba ng'ombe alizaa kwanza, dume, kisha Kwamboka akajifungua msichana. Matiti yalikauka tena kama alivyoogopa. Lakini maziwa yalikuwepo, na mtoto alikuwa akinywa. Niliketi juu ya gunia la mahindi la mtu nisiyemjua, nikashindwa kuinuka.

Ndama aliuzwa, mapato yakaenda kaskazini. Hata hivyo Ombati hakupona hofu yake upesi. Mtoto alipopata homa, alipanda ngazi za ofisi yetu kuniuliza kama nadhiri ilihesabiwa kweli, kwa kuwa ng'ombe bado alikuwa uani kwake. Nilimjibu kwamba ilihesabiwa. Alishuka, na homa nyingine ikaja, naye akaja. Nilijifunza kwamba neno la kutisha humwingia mtu kwa dakika moja, na kulitoa ni kazi ya miaka.

Kwamboka alikuwa tofauti. Ng'ombe alipozaa tena, alimleta ndama mwenyewe mpaka mlangoni mwa ghala, bila wito, bila mtu kumuuliza. Alisema, "Huyu natoa mimi. Na baba yake mtoto amekubali." Huyo ng'ombe mzee hakuna aliyemdai. Alifia pale pale uani.

Kuta za Manga zilikaa bila paa mvua nyingi. Mwenyekiti hakuacha kulalamika mpaka alipostaafu. Lakini vikundi vya akina mama vilikuja na mabati kidogo kidogo, na miaka ya sabini ilipokuwa imeanza kusonga tulisali ndani, tukiisikia mvua juu yetu. Nilitumika chini ya makatibu wengine watatu. Wawili walipenda wito wa kutisha. Kila mmoja nilimwomba mapema, kabla hatujapanda jukwaani, aniambie atakachosema. Na pale nilipoona siwezi kulibeba neno lake, nilimwambia atafute mkalimani mwingine wa siku hiyo. Mmoja alitafuta. Mwingine alibadilisha hubiri.

Sasa nimestaafu. Mimi ni mwanakanisa kama wengine, naketi katikati, natoa nilicho nacho. Sitaki mtu adhani nachukia kutoa. Nimeona kanisa likiinuka kwa mikono ya maskini, na nimesoma barua za wainjilisti waliosali mara ya kwanza chini ya paa. Hayo yote yalitoka kwa watu wa vilima hivi, na ninajivunia.

Lakini mpaka leo, mhubiri akishusha sauti na kuuliza nani atasimama, narudi kuwa yule msichana. Watu wote hugeuka kumtazama aliyesimama. Mimi humtazama aliyeketi kando yake.